Clark Gable: steringi aliyetolewa kwa mkopo

Agosti 1938, mtayarishaji wa filamu David O. Selznick aliwekeana sahihi na studio iliyokuwa ikiongozwa na baba mkwe wake. Mkwe huyo alikuwa Louis B. Mayer, bosi wa Metro-Goldwyn-Mayer, MGM kwa kifupi. Kilichouzwa na kununuliwa katika makubaliano hayo kilikuwa muda wa mtu mmoja: Clark Gable, steringi wa miaka 37. MGM ingemtoa kwa mkopo akacheze Rhett Butler, mhusika mkuu wa kiume, kwenye filamu ya Gone with the Wind, na juu yake ingeongeza dola milioni 1.25 za kutengenezea filamu. Kwa upande wake ingepewa haki ya kuisambaza filamu hiyo pamoja na nusu ya faida. Gable mwenyewe hakuwa na fungu lolote katika mgawo huo. Alikuwa mtu wa mshahara, na akabaki mtu wa mshahara.

Wengi wanaosimulia maisha yake huanza na masharubu, tabasamu la upande mmoja na wanawake aliowaoa. Hayo yapo, na mengine nitayagusa. Ila mimi naona Gable anaeleweka vizuri zaidi ukimtazama kama mwajiriwa: alisaini mkataba akiwa hana jina, akapata jina kuliko karibu kila mtu pale Hollywood, na bado mkataba ukamshika palepale. Filamu mbili zinazomfanya akumbukwe hadi leo alizicheza nje ya studio yake, kwa mkopo, na zote mbili hakuzitaka.

Alikotoka

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1901 katika mji mdogo wa Cadiz, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mchimbaji wa visima vya mafuta. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miezi kumi tu, na aliyemlea kwa mapenzi ni mama wa kambo, Jennie Dunlap. Baba alitaka kijana wa kazi za nguvu. Kijana akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha matairi huko Akron, akatazama mchezo wa kuigiza jukwaani, na tangu hapo hakutulia. Alifanya kazi visimani na baba yake, akakata magogo Oregon, akauza tai dukani Portland, huku kila alipopata nafasi akijipenyeza kwenye vikundi vya maigizo.

Portland ndiko alikokutana na Josephine Dillon, mwalimu wa uigizaji aliyemzidi umri kwa miaka 17. Huyu mama anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Alimfundisha kusimama, kutembea na kuingia chumbani bila papara. Alimfanyisha mazoezi ya sauti hadi ikashuka na kuwa nzito. Alilipia meno yake yaliyoharibika yatengenezwe. Walioana mwaka 1924 na kuachana 1930, na mtu aliyemtengeneza akabaki nje ya mlango wakati milango ilipofunguka. Gable alipofariki, wosia wake ulimwachia Josephine nyumba. Ni jambo jema, ila lilichelewa.

Mwaka 1930 alicheza mfungwa anayesubiri kunyongwa katika mchezo wa jukwaani mjini Los Angeles, na watu wa filamu wakaanza kumtupia macho. Warner Bros. walimjaribu mbele ya kamera wakamkataa. Masikio yake yaliwaonekania makubwa mno. Desemba mwaka huohuo MGM ikamsaini kwa dola 650 kwa wiki. Wakati Wamarekani wengi wakipoteza kazi kwa mdororo wa uchumi, hizo zilikuwa fedha nyingi kwa mtu aliyekuwa akihesabu senti, na sioni nani angekataa.

Mkataba ulivyokuwa unafanya kazi

Hapa inabidi tukae kidogo, maana kisa chote kimejengwa juu ya karatasi hii. Mkataba wa kawaida wa studio ulikuwa wa miaka saba. Ulimfunga mwigizaji, lakini studio yenyewe ilikuwa na nafasi ya kuuvunja kila baada ya kipindi kifupi ikiona huiletei faida. Studio ndiyo iliyokuchagulia filamu, mavazi, mara nyingine hata jina na nani wa kuonekana naye hadharani. Ukikataa filamu unasimamishwa bila mshahara, na siku ulizosimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hiyo aliyegoma mara kwa mara angeweza kujikuta miaka saba yake haiishi. Kulikuwa pia na kifungu cha maadili: kashfa moja, na umekwisha.

Halafu kulikuwa na mkopo, na shabiki yeyote wa soka anaujua utaratibu huu. Studio isiyo na kazi ya kumpa nyota wake inampeleka kwa studio nyingine, na ada inaingia kwa mwenye mali. Tofauti yake na soka la leo ni kwamba mwigizaji hakuulizwa, wala hakuwa na wakala mwenye ubavu wa kudai chake katika ada hiyo.

MGM ilimtumia Gable bila kumpumzisha. Mwaka 1931 pekee alionekana katika filamu zaidi ya kumi. Mwanzo walimpa nafasi za majambazi na wanaume wakali, watazamaji wakampenda kwa ukali huohuo, na kufikia mwaka 1932, alipocheza Red Dust pamoja na Jean Harlow, tayari alikuwa steringi kamili.

Mikopo kabla ya ule mkubwa

Mwishoni mwa 1933 MGM ilimpeleka Columbia, studio ndogo wakati huo ambayo watu wa MGM waliitazama kwa dharau. Hadithi inayopendwa ni kwamba alikuwa anaadhibiwa kwa kulalamikia nafasi alizokuwa akipewa. Huenda adhabu ilikuwemo, lakini hesabu inaeleza zaidi: MGM ilikuwa ikimlipa kiasi cha dola 2,000 kwa wiki na haikuwa na filamu tayari kwa ajili yake, Columbia ikatoa dola 2,500. Kila wiki aliyofanya kazi kule, MGM ilipata dola 500 bila kuinua kidole.

Filamu yenyewe ilikuwa It Happened One Night, ya mwongozaji Frank Capra, inayomhusu mwandishi wa habari asiye na kazi na binti wa tajiri wanaosafiri pamoja kwa basi. Claudette Colbert, aliyecheza binti huyo, naye alikuja kutoka studio nyingine na naye hakuwa na hamu nayo. Ilirekodiwa kwa muda wa wiki chache tu. Februari 1935, kwenye tuzo za Oscar, ilichukua zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na muswada. Hakuna filamu iliyowahi kufanya hivyo kabla. Oscar ile ya mwaka 1935 ndiyo pekee Gable aliyowahi kupata maishani, na aliipata akiwa mali ya mtu mwingine iliyokodishwa kwa jirani.

Mkopo mwingine, mwaka 1935, una uzito wa aina yake. Alipelekwa kwenye kampuni ya 20th Century kucheza Call of the Wild, na upigaji picha ukafanyika kwenye theluji ya jimbo la Washington. Mwenzake alikuwa Loretta Young, binti wa miaka 22, Mkatoliki mshika dini. Gable alikuwa na mke. Loretta akapata mimba, akajificha, akamzaa Judy Novemba 1935, kisha akatangaza kwamba amemchukua mtoto wa kulea. Kifungu cha maadili kingewamaliza wote wawili, na hakika kingemmaliza mama kwanza. Judy alikua bila kuambiwa baba yake ni nani. Aliandika habari zake mwaka 1994, na mama yake alithibitisha katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake, mwaka 2000. Mwaka 2015 mkwe wa Loretta alieleza hadharani kwamba Loretta, uzeeni, alipofafanuliwa maana ya kubakwa na mtu unayemfahamu, alisema ndicho kilichomtokea na Gable. Wahusika wote wawili walikuwa wameshafariki, na kesi haikuwahi kuwepo. Lakini anayeandika maisha ya Gable akaliruka hili anamfanyia Loretta kilekile mfumo ule ulichomfanyia.

Kwa nini hakuweza kusema hapana

Turudi 1938. Selznick alinunua haki za Gone with the Wind, riwaya ya Margaret Mitchell, mwaka 1936 kwa dola 50,000, na kitabu kikauzwa kama maji jangwani. Wasomaji walianza kumpangia waigizaji. Kuhusu Scarlett, mhusika mkuu wa kike, walibishana, kuhusu Rhett Butler karibu wote walitaja jina moja. Selznick alitazama kwingine kwanza. Gary Cooper alikuwa amefungwa na mtayarishaji Samuel Goldwyn. Warner walikuwa tayari kumtoa Errol Flynn kwa masharti yao. Hakuna aliyekidhi walichotaka wananchi, na mwenye Gable alikuwa baba mkwe, aliyejua kabisa kwamba mkwewe amebanwa.

Bei ikawa ile niliyoitaja. Kulikuwa na kikwazo kimoja: Selznick alikuwa bado na mkataba wa usambazaji na kampuni ya United Artists hadi mwisho wa 1938, hivyo hakuweza kuanza kazi kamili mapema. Ule msako maarufu wa kumtafuta Scarlett, uliojaza magazeti kwa takriban miaka miwili, pamoja na ukweli wake ulisaidia pia kusogeza siku hadi mkataba wa zamani uishe. Napenda kipande hiki cha kisa kwa sababu kinaonyesha jinsi mambo tuliyoyachukulia kama mapenzi ya sanaa yalivyokuwa yakiongozwa na tarehe kwenye karatasi.

Na Gable? Aliogopa. Kila Mmarekani aliyesoma kitabu alikuwa ameshamchora Rhett wake kichwani, na yeye aliona hakuna namna atawaridhisha wote. Alikuwa na kidonda kibichi pia: mwaka 1937 alivalishwa mavazi ya kihistoria kumcheza mwanasiasa wa Ireland katika filamu ya Parnell, na watazamaji wakamkataa vibaya. Sasa anaambiwa avae tena mavazi ya karne iliyopita, katika filamu ndefu mno, mbele ya macho ya nchi nzima.

Lakini alikuwa na shida ya binafsi. Alikuwa akimpenda Carole Lombard, mchekeshaji mahiri wa filamu na mwanamke mwenye ulimi usio na breki, na hakuweza kumwoa kwa sababu mke wake wa pili, Ria Langham, hakukubali talaka bila malipo makubwa, mamia ya maelfu ya dola. Fedha hizo Gable hakuwa nazo mkononi. Studio ilikuwa nazo, na ilikuwa tayari kumsaidia alipe ikiwa atatulia kazini. Mtu mwenye mkataba wa kumfunga, mwenye talaka ya kulipia na mchumba wa kuoa, hana nguvu mezani. Mayer alilijua hilo. Talaka ilipatikana Machi 1939, na tarehe 29 Machi, akiwa amepewa mapumziko mafupi katikati ya upigaji picha, Gable alisafiri kwa gari na Lombard hadi Kingman, Arizona, wakaoana kimya kimya.

Kazini

Upigaji picha ulianza Januari 1939 chini ya George Cukor. Haikupita muda Cukor akaondolewa, akaletwa Victor Fleming, rafiki wa Gable na mwenzake wa kuwinda na pikipiki. Wapo waliosema Gable ndiye aliyemng'oa Cukor kwa kuwa aliwapendelea waigizaji wa kike. Ugomvi wa Selznick na Cukor juu ya mwendo wa kazi na muswada unatosha kueleza, lakini ni kweli kwamba Gable alipumua Fleming alipofika.

Kuna tukio moja ambalo kwangu linamweleza mtu huyu kuliko makala kumi. Rhett anajilaumu kwa ajali iliyomharibia mkewe mimba, na muswada unataka alie mbele ya Melanie, aliyechezwa na Olivia de Havilland. Gable akakataa. Wanaume aliowacheza hawakulia. Aliamini watazamaji wangemcheka na kazi yake ingeishia hapo. Akafikia kusema yuko tayari kuacha filamu. Fleming hakumfokea. Alipendekeza warekodi mara mbili, moja akiwa amegeuza mgongo bila machozi, nyingine akilia, kisha atazame mwenyewe achague. De Havilland akakaa naye, akamtia moyo kwamba anaweza. Walirekodi, wakaangalia, na iliyobaki kwenye filamu ni ile ya machozi. Itazame tena ukipata nafasi: mabega yanaanguka kwanza, halafu uso, na mikono haijui iende wapi. Mtu aliyeaminishwa na studio kwa miaka minane kwamba thamani yake ni ukakamavu alifanya kazi yake bora siku aliyouweka chini.

Filamu ilizinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939. Hattie McDaniel, aliyecheza Mammy, hakuweza kuhudhuria kwa sababu sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake weupe. Inasimuliwa kwamba Gable alitishia kususia, na McDaniel mwenyewe ndiye aliyemsihi aende. Alikwenda. Miezi miwili baadaye McDaniel akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huo alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Gable aliteuliwa pia, akashindwa na Mwingereza Robert Donat.

Nani alikula nini

Gable alifanya kazi siku zipatazo 71 kwenye filamu ile na kulipwa takriban dola 120,000. Vivien Leigh, anayeonekana karibu kila sekunde, alifanya siku zipatazo 125 kwa takriban dola 25,000. Kwa hiyo tukimwonea huruma Gable, tukumbuke palikuwa na aliyepunjwa zaidi yake.

MGM ilirudisha milioni yake na robo mapema, ikachukua nusu ya faida, ikachukua ada ya usambazaji. Selznick, kwa sababu za kodi, aliamua kuivunja kampuni yake na kuuza fungu lake kwa mshirika wake Jock Whitney, na kufikia mwaka 1944 filamu nzima ilikuwa mikononi mwa MGM. Yaani mtu aliyeibuni naye aliiachia. Kutoka hapo ikawa inarudishwa sinema kila baada ya miaka michache, watu wakilipa kiingilio upya, na kila sarafu ikiingia kwa mwajiri wa Gable huku Gable akiendelea na mshahara uleule wa wiki. Malalamiko yake ya kutopata hata asilimia moja hayakwisha moyoni hadi alipoondoka.

Je, angeweza kufanya tofauti? Ndiyo, na hapa siwezi kumtetea kabisa. Cary Grant alikataa kufungwa tena na studio moja kuanzia 1937 na akafanikiwa akijitegemea. Olivia de Havilland, binti aliyemshika Gable mkono kwenye tukio la machozi, aliwashtaki Warner Bros. mwaka 1943 kwa kumwongezea siku za kusimamishwa juu ya miaka saba yake. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda, basi. Uamuzi huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Alikaa nje ya filamu kwa muda mrefu akipigania hilo, na studio zilimwekea ngumu. Gable, mwanaume aliyeitwa Mfalme wa Hollywood tangu 1938, hakuthubutu kitu cha namna hiyo. Aliujua umaskini na aliogopa kuurudia. Wenzake wengi walimsema kuwa mbahili. Mfumo ule uliishi kwa hofu kama hiyo.

Lombard, na baada yake

Ndoa ya Gable na Lombard ilikuwa fupi na, kwa kila ushahidi, ya furaha. Waliishi shambani Encino, na kuku na farasi. Januari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani, Lombard alikwenda jimboni kwao Indiana kuuza hatifungani za vita, akakusanya zaidi ya dola milioni mbili. Akiharakisha kurudi, ndege yake iligonga mlima karibu na Las Vegas usiku wa tarehe 16 Januari. Watu wote 22 walifariki, akiwemo mama yake. Alikuwa na miaka 33.

Agosti mwaka huo Gable, akiwa na miaka 41, alijiunga na jeshi la anga akiwa askari wa kawaida. Alipelekwa Polebrook, Uingereza, akaruka misheni tano za mapigano kwenye ndege za mabomu huku akisimamia filamu kuhusu wapiga bunduki wa ndegeni. Aliachiwa Juni 1944 akiwa na cheo cha meja. MGM ikampokea kwa filamu ya Adventure, kitu chepesi kisicho na uzito kwa mtu aliyerudi na msiba, na miaka mingi iliyofuata ikawa ya filamu za kupitisha siku.

Thika na Kagera

Mwishoni mwa 1952 MGM ikampeleka kwetu. Filamu ilikuwa Mogambo, ya mwongozaji John Ford, na ilikuwa Red Dust ileile ya 1932 iliyohamishwa kutoka shamba la mpira Indochina hadi safari ya uwindaji Afrika Mashariki. Gable alirudia nafasi aliyocheza miaka ishirini nyuma, safari hii na Ava Gardner na Grace Kelly. Kilichomfanya akubali kukaa nje kwa muda mrefu kilikuwa pia kodi: sheria ya Marekani wakati huo ilimpa nafuu aliyekaa ughaibuni miezi 18.

Walirekodi Kenya, maeneo ya Thika, Naivasha na Longonot, wakavuka hadi Mto Kagera na Uganda, wakiwa na kambi kubwa ya mahema na mwindaji Bunny Allen akiongoza msafara. Grace Kelly alijifunza maneno ya Kiswahili na akawa anamwita Gable "Ba", kwa kufupisha baba. Kwa umri wake, ilifaa.

Sasa linganisha tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Kabla ya mwaka kwisha Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa kizimbani Kapenguria. Kundi la Hollywood lilikuwa likilindwa kwa bunduki, na katika filamu yenyewe huoni hata dokezo la hayo. Wenyeji wanaonekana wakibeba mizigo, wakipiga makasia na kuimba, wakiwa mandhari ya mapenzi ya wageni. Ardhi iliyokuwa ikipiganiwa imepigwa picha nzuri sana, na swali la ni ya nani halikuulizwa. Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu linawafuata wale watu wasiotajwa majina.

Kibiashara ilifanikiwa sana. MGM, iliyokuwa imeanza kumwona Gable kama gharama, ghafla ikataka kumwongezea mkataba. Yeye akaomba kitu alichokosa mwaka 1938, asilimia ya mapato. Wakakataa. Mwaka 1954, baada ya miaka zaidi ya ishirini na tatu, mkataba ulipoisha aliondoka, na waliporudi kumbembeleza hakusikiliza tena. Alikwenda 20th Century-Fox akacheza filamu mbili za mwaka 1955, Soldier of Fortune na The Tall Men, kwa mgawo wa asilimia 10 ya mapato ghafi. Alikuwa amefikisha miaka 54 alipoanza kula jasho lake namna hiyo. James Stewart alikuwa amepata mgawo wa faida Universal tangu mwaka 1950, kupitia wakala wake Lew Wasserman.

Filamu ya mwisho ilikuwa The Misfits, iliyorekodiwa katika joto la Nevada mwaka 1960, yeye akiwa na Marilyn Monroe na Montgomery Clift, John Huston akiongoza. Mkataba ulikuwa wa dola 750,000 pamoja na asilimia 10 ya mapato, mara sita ya alicholipwa kwa Rhett kabla hata ya kuhesabu mgawo. Kazi ilikwisha tarehe 4 Novemba. Siku mbili baadaye alipata mshtuko wa moyo, na tarehe 16 Novemba akafariki hospitalini Los Angeles, akiwa na miaka 59. Mke wake wa tano, Kay, alikuwa mjamzito. Mtoto wa kiume alizaliwa Machi 1961.

The Misfits ilitoka Februari 1961 na mapato yake yakawavunja moyo waliotoa fedha. Mwaka huohuo MGM iliirudisha Gone with the Wind kwenye majumba ya sinema kwa ajili ya miaka mia moja ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ikafanya uzinduzi mwingine Atlanta ambapo Vivien Leigh na Olivia de Havilland walihudhuria, na watu wakapanga foleni tena.